Mpangaji wa Sita

Kitendawili! Nina nyumba ya shaba, haina dirisha, ina mlango mmoja tu. Mpangaji wangu siku ya kuhama anatoka na moto, radi inamsindikiza, wala hageuki kuaga. Nyumba inabaki imesimama. Naifagia, naingiza mwingine. Ni nini?

Usinipe mji bado. Kaa nacho mdomoni kama pipi, maana hata Nolan Birkeland, mpelelezi wa polisi wa Kettle Fork huko Montana, alikaa nacho asubuhi nzima ya Alhamisi. Na kama asingekitegua kabla ya saa sita mchana, mwanamke wa miaka sabini na mmoja angelala jela.

Mwanamke huyo alikuwa ameketi mbele yake, mikono juu ya meza, koti la kuwindia limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Verna Stordahl. Mjane, mwongoza wawindaji, na kwa miaka thelathini mwalimu wa watoto wote wa mji ule katika darasa la kushika bunduki bila kuua mtu. Nolan alipita mikononi mwake akiwa na miaka kumi na miwili.

"Bado unafumba macho kabla ya kufyatua?" Verna alimuuliza.

"Mama Verna, leo maswali ni yangu."

"Basi uliza. Kahawa yenu hii inaniua polepole, afadhali niseme kabla sijafa."

Nolan alifungua bahasha, akayapanga mezani maganda matatu ya risasi, matupu, midomo myeusi kwa moshi. Yaliokotwa Jumapili juu ya kilima cha Sutter, hatua mia tatu kutoka kwenye banda la Lyle Dansby. Saa nne ya asubuhi hiyo Lyle alikuwa nyuma ya banda akichuna kulungu aliyemtundika. Risasi tatu zikaja. Moja ikaingia ukutani kwenye magogo, moja ikatoboa pipa la maji, ya tatu ikapita kwenye nyama ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, ikatokea upande wa pili. Mfupa haukuguswa. Jumanne hospitali ilimrudisha nyumbani, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Alisema hakuona mtu.

Jumatatu Nolan alimfuata daktari wa meno kutoka jimbo jingine, aliyepiga hema chini ya kilima kile akiwa na bunduki ya ukubwa uleule. Alipoteza siku nzima. Daktari alitumia risasi za dukani, maganda yake yaling'aa kama sufuria mpya, na Jumapili saa nne alikuwa kwa fundi wa magari akilia na gurudumu lake.

Lakini haya matatu yalikuwa na kovu. Kila moja, kitakoni, lilichorwa mistari mitano midogo kwa ncha ya sindano. Kettle Fork nzima inajua ni alama ya nani. Tena Kettle Fork nzima inajua kwamba Lyle alilifunga kwa kufuli lango la njia ya mlimani, njia ambayo Verna alipitishia wawindaji wake, na kwamba mwezi wa tisa, kwenye chakula cha kanisa, mbele ya watu sitini na masinia ya samaki wa Kinorwe, Verna alimwambia, "Lyle, shukuru Mungu kwamba sikutaki. Nikikutaka, sitakukosa."

"Ni yako?" Nolan aliuliza.

"Yalikuwa yangu."

"Yalikuwa?"

"Umesikia vizuri. Masikio yako hayakuwa na tatizo, ni macho."

Nolan alilichukua ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mistari mitano. Jana, mkuu wake alipoiona, alisema, limepigwa mara tano, ya tano ilikuwa Jumapili, kesi imekwisha. Na Nolan aliandika hivyohivyo. Sasa alitazama kile kitako, kikamkera kama uzi kwenye jino.

"Mama Verna. Huu mstari unauchora lini? Kabla ya kupiga, au baada?"

Verna alitabasamu, mara ya kwanza tangu akamatwe. "Haya. Sasa umeanza kufumbua."

"Nijibu."

"Baada. Ganda likirudi nyumbani nalisafisha, nalichora, ndipo nalijaza baruti na risasi mpya. Wewe ungeandika umeoga kabla hujaingia bafuni?"

"Kwa hiyo haya yalishapigwa mara tano kabla ya Jumapili. Jumapili ilikuwa mara ya sita."

"Hesabu ulikuwa huanguki."

"Kwa nini usipige mara ya sita?"

"Kwa sababu shingo ya ganda inachoka, Nolan. Ikichoka, risasi hii inaishika sana, ile inaishika kidogo, na haziendi mahali pamoja. Bunduki nzito inaweza kusamehe. Yangu haisamehi. Ina kilo mbili na nusu, mtoto mchanga anaizidi, na mimi siku hizi mlima unanitosha bila kubeba chuma. Mtu akitaka bunduki nyepesi ipige pale anapotazama, lazima aipikie risasi mwenyewe, na aipikie vilevile kila siku. Mara tano, basi."

"Na yakifika mara tano yanakwenda wapi?"

Verna alisukuma kikombe pembeni. Nolan aliitazama saa ya ukutani.

"Ulimpa nani?"

"Nilitoa neno kwamba sitamtaja," Verna alisema. "Na unanijua."

"Mkuu anapeleka mashtaka saa sita. Ukishitakiwa kwa kumpiga mtu risasi, leo unalala ndani. Kibali cha kuongoza wawindaji kimekwenda, bunduki zako zimekwenda. Maabara ya jimbo wanasema majibu ya kulinganisha maganda na bunduki yako ni wiki sita."

"Najua." Verna aliyakazia macho yale maganda. Kisha akainua uso. "Nilitoa neno kwamba sitataja jina. Sikutoa neno kwamba sitatega kitendawili. Nyumba ya shaba, mlango mmoja. Wapangaji watano niliwaingiza mimi. Wa sita ni nani? Anza kutafuta kwenye nyumba yangu. Ufunguo uko pale pale."

Ufunguo ulikuwa ndani ya kiatu cha marehemu mumewe, barazani, mahali ulipokaa tangu Nolan ana meno ya utoto.

Kibanda cha kazi cha Verna kilikuwa nyuma ya nyumba, kina jiko la kuni na meza nene. Juu ya meza palikuwa na mashine ya mkono iliyokazwa kwa skrubu, mizani ndogo ya kupimia baruti iliyofunikwa kwa leso, na kijiko cha chai kilichochongwa mpaka kikawa na mdomo wa ndege. Kila kitu mahali pake. Pembeni, daftari la shule.

Nolan alikaa, akasoma. Verna aliandika kila risasi aliyopiga kwa miaka tisa. Tarehe, baridi, upepo, ganda limepigwa mara ngapi, tundu liko wapi. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kukata tamaa: *Bunduki hii ni ya kitoto. Ya kwanza sawa, ya pili kushoto, ya tatu imekwenda kwa jirani.* Halafu, ukurasa baada ya ukurasa, alipunguza baruti chembe kwa chembe, akabadili risasi, akasukuma risasi mbele unywele mmoja, kisha mwingine. Ukurasa wa mwezi wa tano, miaka saba iliyopita, ulikuwa na maneno machache yaliyopigiwa mstari: *Iache risasi itokeze mbele, ikaribie mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu. Moja. Subiri mtutu upoe. Moja. Subiri. Matundu yote matatu yamegusana! Nimelia kama mjinga.*

Nolan alisoma tena. *Itokeze mbele.*

Alifungua sanduku la risasi za Verna. Zilikuwa ndefu kuliko alivyozoea kuona. Akaitoa kwenye begi bunduki ya Verna, iliyozuiliwa kama kielelezo, akahakikisha ni tupu, akajaribu kuingiza risasi moja kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi tumboni mwa bunduki. Haikuingia. Akajaribu nyingine. Ncha iligonga ukuta wa mbele ikakataa. Risasi za Verna hazikuingia kwenye magazini ya bunduki ya Verna. Alikuwa akiilisha bunduki moja moja kwa mkono, kama unavyomlisha mtoto uji.

Akamtafuta kwa simu Wendell, mpeleka barua, aliyekuwa barabarani Jumapili akielekea kanisani.

"Wendell, ile milio. Nipigie kama ulivyoisikia."

"Nimekwisha kueleza mara mbili, kaka. Milio mitatu."

"Nipigie."

Wendell alipiga kidole kwenye simu. *Pa-pa-pa.* "Kama mtu anabisha mlango na haja imembana."

Nolan alisimama ghafla, akaangusha kiti. Alipoinama kukiinua ndipo alipoona kwamba viti ni viwili. Mjane anayeishi peke yake, viti viwili kwenye meza ya kazi, cha pili kina mto uliofumwa kwa uzi wa buluu. Akatazama rafu juu ya kiti kile. Vumbi jembamba, na katikati ya vumbi duara safi, upana wa kiganja. Chupa ilikaa pale muda mrefu, halafu mtu akaiondoa. Pembeni mwake palisimama chupa nyingine, ya jemu ya matunda ya mlimani, na ndani yake maganda manne ya zamani. Karatasi imebandikwa kifunikoni, mwandiko wa Verna: TANO. BASI.

Saa nne kasoro alikuwa kwenye shimo la kokoto nje ya mji, amelala kifudifudi juu ya turubai, theluji ikimlowesha magoti. Nyuma yake alisimama Gus Petrak, mkuu wa polisi wa wilaya, amejikunyata, ana andazi mkononi.

"Umenitoa kwenye joto nije nikutazame ukicheza," Mkuu alisema.

"Dakika kumi, Mkuu. Hesabu sekunde."

Aliilisha bunduki risasi moja ya Verna kwa mkono, akalenga, akafyatua. Akafungua bunduki, akaiacha wazi baridi iingie mtutuni. Mkuu akala nusu ya andazi. Moja tena. Mkuu akamaliza andazi, akalamba vidole. Moja tena. Walitembea hatua mia moja mpaka kwenye karatasi. Matundu matatu yalikuwa yamegusana. Sarafu moja ingeyafunika.

"Na wewe ndiye mpigaji mbaya kuliko wote kituoni," Mkuu alisema polepole.

"Ni mapishi, Mkuu. Sasa tazama hizi." Nolan alijaza magazini kwa risasi fupi za dukani, akapiga tatu haraka, *pa-pa-pa*. Mtutu ule mwembamba ulifuka mvuke. Safari hii matundu yalitawanyika kama kuku walioona mwewe. Moja halikuonekana kabisa kwenye karatasi.

"Umefumba macho?"

"Nimefumbua yote mawili. Mtutu mwembamba ukipata moto hautulii. Jumapili risasi zilitawanyika upana wa mlango, na Wendell alisikia haraka haraka. Risasi za Verna haziingii kwenye magazini. Hawezi kubisha mlango namna ile, hata akitaka."

Mkuu alifuta makombo kifuani. "Labda alitengeneza fupi kwa ajili ya Lyle."

"Mtu ametumia miaka tisa ili asikose. Siku anayotaka kuua, aharibu risasi zake mwenyewe, atumie maganda aliyokwisha kuyakataa, asisubiri mtutu upoe, ili akose?"

Mkuu alitazama karatasi ya kwanza, akaingiza ncha ya kidole kidogo kwenye yale matundu. "Aliniambia mwenyewe darasani, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Moja, subiri." Akakohoa. "Mwendesha mashtaka hatakula maneno haya, Nolan. Atataka mtu. Niletee huyo wa sita. Nilikwambia saa sita, bado ni saa sita."

Nolan alipofika kwa Lyle Dansby ilikuwa saa tano na robo. Hakubisha kwanza. Alizunguka nyuma ya banda, akasimama pale Lyle aliposimama Jumapili, akatazama kilima. Kisha akageuka, akatazama nyuma yake, kwenye vichaka vya cheri vinavyogusa ua wa waya. Manyoya meusi yalikuwa bado yamenasa kwenye waya. Aliyaona Jumapili akayapita, kwa kuwa mwezi huu hakuna ua usio na manyoya ya dubu. Sasa alipiga magoti. Nyayo zilikuwa zimeganda kwenye tope chini ya theluji. Zilikuja polepole mpaka hatua sita kutoka kwenye ile nguzo ya kutundikia nyama. Halafu zikageuka, na za kurudi zilikuwa ndefu, kucha zimechimba ardhi.

Kando ya nguzo palikuwa na jiwe la kunolea visu, lina alama mpya; akaipapasa kwa kidole. Kisha akaenda mlangoni, akabisha.

Mlango ulifunguliwa na Lyle, mtu mkubwa, ndevu za siku nne, mkono shingoni. Katika ngumi ya mkono mzima alishika funguo za gari, kwa nguvu hata vifundo vimekuwa vyeupe.

"Nilishasema sikuona mtu."

"Sikuja kukuuliza uliona nani. Nimekuja kunywa kahawa."

Jikoni, Opal Dansby alikuwa amekaa mezani. Ndani ya nyumba yenye joto lile alikuwa amevaa koti lake la mjini, mabuti miguuni, mkoba umekaa mapajani. Macho yalikuwa yamevimba. Mtu aliyekuwa anataka kwenda mahali, na mtu mwingine amemshikia funguo.

"Karibu, Nolan," alisema. Alikuwa mwanamke mdogo, mpole, aliyeimba sauti ya pili kanisani na ambaye katika miaka arobaini ya ndoa hakuna aliyewahi kumsikia akimpinga Lyle mbele ya watu. "Kuna pai. Ya jana."

"Asante, Mama Opal."

Alipoinuka kukata pai, Nolan alitazama dirishani. Kati ya sabuni na kaktasi palikuwa na chupa ya jemu, pana kama kiganja, imejaa vijiko vya mbao. Maandishi kwenye kifuniko kilichoegemezwa pembeni yake yalisomeka kichwa chini, lakini Nolan alikwisha kuyasoma mara moja leo. TANO. BASI.

Alitoa ganda moja mfukoni, akalisimamisha juu ya meza, katikati ya vikombe. Lyle alilitazama kama nyoka.

"Verna yuko kituoni tangu alfajiri ya leo," Nolan alisema. "Saa sita anashitakiwa. Hataki kusema aliyempa maganda haya. Alitoa neno."

"Hilo si letu," Lyle alisema.

"Lyle," Opal alisema.

"Nyamaza, mama. Sijakwambia unyamaze?"

"Umeniambia tangu Jumapili."

"Wanakufunga! Hujui watu hawa? Wanakuweka ndani na wezi, na wewe unaumwa mgongo, nani atakukanda huko?" Sauti yake ilipasuka. "Mimi mkono umepona. Nani amelalamika? Mimi sijalalamika. Yule mwanamke nikadhani watamwachia, hawana kitu, nikadhani..." Akakaa. Funguo zilianguka mezani. "Simpendi Verna. Lakini sikutaka alale jela, Nolan, hilo Mungu anajua."

Nolan alikata kipande cha pai, akakitafuna taratibu, maana alitaka maneno yafuatayo yasikike vizuri.

"Nimetoka nyuma ya banda lako. Nimeona nyayo za dubu. Alikuja mpaka hatua sita kutoka mgongoni kwako, Lyle, wakati wewe umeinama na kisu, unanuka damu ya kulungu. Hatua sita. Hapo ndipo alipogeuka. Unajua kilichomgeuza?"

Lyle alimtazama mkewe.

"Risasi tatu," Nolan alisema. "Mtu alikuwa juu ya kilima, anafanya mazoezi kimya kimya ili mwaka huu apate kulungu wake wa kwanza bila kumwomba mtu ruhusa. Akaona dubu. Hakuwa na muda. Akapiga. Moja ukutani, moja pipani, na ya tatu naona iliruka kwenye jiwe la kunolea, lina alama mpya, ndipo ikakupitia. Hakuna anayefungwa kwa hilo. Nitaliandika jinsi lilivyo, Mkuu atalisoma, Verna atakwenda kwake kunywa kahawa ya maana. Mtu aliyepiga ataandika maelezo ukurasa mmoja, basi. Ameokoa uhai wa mtu."

Lyle alifunika macho kwa ule mkono mzima, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Nolan hakujua kama analia au anacheka, na pengine Lyle mwenyewe hakujua.

"Lakini nahitaji kusikia," Nolan alisema, "na zimebaki dakika thelathini. Verna alinitegea kitendawili leo asubuhi. Nyumba ya shaba, mlango mmoja. Wapangaji watano aliwaingiza yeye." Akaligusa lile ganda kwa kidole, likayumba, likasimama. "Wa sita aliingizwa na nani?"

Opal aliuweka mkoba wake juu ya meza. Alilichukua ganda, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye ile mistari mitano kama mtu anayetambua mwandiko wa rafiki. Halafu akazichukua funguo za gari zilizokuwa mbele ya mumewe, na Lyle hakumzuia.

"Ni mimi," alisema. "Nilizifanya fupi ili ziingie zote tatu kwenye magazini ya bunduki yangu, nyepesi kama ya Verna. Na tukifika huko, Nolan, usinitangulie kumwambia Verna. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba sikusubiri mtutu upoe."